Mtoto na Mkumbo wa Wenzake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Mwanza

Maswali haya hurudi karibu kila kikao cha wazazi, iwe shule ya Nyamagana, ya Ilemela au ya kisiwani Ukerewe. Mimi ni mwalimu wa malezi, na wanaoniuliza ni akina mama wauza dagaa wa Mwaloni, madereva wa daladala, watumishi wa serikali, mabibi wanaolea wajukuu. Ukiyachuja yote unabaki na swali moja: kwa nini mtoto niliyemlea mimi anawasikiliza zaidi wenzake? Majibu hayana urefu sawa, maana maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Mwanangu alikuwa msikivu. Tangu aingie darasa la sita kila neno ni "wenzangu". Ameharibika?

Hapana, anakua. Mtoto wa darasa la sita ana miaka 11 au 12, na kwa watoto wengi huo ndio umri ambao macho ya wenzake yanaanza kuwa na uzito kuliko awali. Akiwa darasa la pili alijali zaidi mwalimu amesema nini na mama atasema nini. Sasa anajua nani anapendwa darasani, nani anachekwa, nani huachwa peke yake mapumziko. Ujuzi huo ni mpya kwake na unamtia hofu, kwa hiyo anachunga asije akawa yeye wa kuchekwa.

Ninachoomba ni usimhukumu kwa neno lenyewe. Sikiliza linakuja na nini. "Wenzangu wote wana soksi ndefu" na "wenzangu wote hawaingii kipindi cha mwisho" zinafanana kwa sura tu. Mzazi anayezipokea zote kwa ukali uleule atashtuka baadaye, kwa sababu mtoto akiona soksi zimeleta vita, la kutoroka hatalisema kabisa.

Kufuata mkumbo huanza umri gani hasa?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2011 watafiti Daniel Haun na Michael Tomasello walichapisha jaribio walilofanya Ujerumani na watoto wa miaka minne. Watoto wanne walikaa kila mmoja na kitabu cha picha za wanyama wakubwa, wa kati na wadogo, wakaambiwa vitabu vyao ni sawa. Havikuwa sawa. Kwenye kurasa fulani mtoto mmoja alikuwa na picha tofauti na wenzake watatu, na yeye alijibu wa mwisho, baada ya kuwasikia wote watatu wakitaja jibu ambalo kwenye kitabu chake lilikuwa kosa.

Wengi wa watoto hao waliwafuata wenzao angalau mara moja. Lakini pale walipotakiwa kuonyesha jibu kwa kidole bila wengine kuona, wengi wao walirudi kwenye kile walichokiona wenyewe. Jambo hilo mzazi alishike: mtoto wa miaka minne tayari anajua ukweli wake, na tayari anajua kuuficha ili asiwe tofauti. Kwa hiyo mtoto anapofuata wenzake, usidhani lazima ameamini wanachofanya.

Nasikia wataalamu wakitaja "jaribio la mistari". Ni lipi hilo?

Ni la mwanasaikolojia Solomon Asch, lililofanyika Marekani na kuchapishwa kuanzia mwaka 1951. Kijana wa chuo aliwekwa na kundi lililokwishapangwa na mtafiti litoe majibu ya kosa, wakaonyeshwa mstari mmoja kisha mitatu, waseme upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Watu wakijibu peke yao walikosea chini ya mara moja katika mia. Ila kundi lilipojibu kosa kwa sauti moja, takribani theluthi ya majibu ya vijana wale yalifuata kosa hilo, na takribani robo tatu yao walifuata angalau mara moja. Robo iliyobaki haikuyumba hata mara moja.

Matokeo mawili ya Asch yana faida kubwa kwa mzazi. La kwanza, halihitajiki jeshi: watu watatu tu wanaokubaliana wanatosha kuleta karibu msukumo wote. La pili ndilo ninalolirudia kila mahali. Akitokea mtu mmoja tu katika kundi anayesema ukweli, kufuata mkumbo kunashuka hadi karibu robo ya kile cha mwanzo. Mtu mmoja. Nitalirudia huko chini tukifika kwenye marafiki.

Basi kilele chake ni umri gani?

Hapa wazazi hutaka namba moja, na ukweli ni kwamba inategemea unapima nini.

Mwaka 1966 Philip Costanzo na Marvin Shaw walitumia kazi ya mistari kama ya Asch kwa makundi manne ya umri, kuanzia miaka 7 hadi 21. Watoto wa miaka 7 hadi 9 walifuata kiasi, wa miaka 11 hadi 13 walifuata kuliko wote, kisha kiwango kikashuka kwa wa miaka 15 hadi 17 na kikaendelea kushuka kwa vijana wa 19 hadi 21. Kilima, kwa kifupi, na kilele chake ni mwishoni mwa shule ya msingi.

Thomas Berndt, mwaka 1979, hakutumia mistari. Aliwapa wanafunzi hadithi: rafiki zako wanataka mfanye jambo fulani, wewe unataka lingine, utafanya nini? Mengine yalikuwa mema, mengine ya kawaida, mengine utundu na uharibifu. Kwenye mambo mabaya kilele kilichelewa, kikaangukia darasa la tisa la Marekani, yaani miaka 14 au 15 hivi. Kwa hesabu zetu hapo ni kidato cha kwanza na cha pili. Kwenye mambo mema na ya kawaida mabadiliko hayakuwa makali hivyo.

Kisha Laurence Steinberg na Kathryn Monahan, mwaka 2007, waliwapima watu zaidi ya 3,600 wa miaka 10 hadi 30, safari hii wakitazama uwezo wa kukataa msukumo wa wenzao. Kati ya miaka 10 na 14 uwezo huo haukuonyesha kukua kwa maana. Kuanzia 14 hadi 18 ulipanda mfululizo. Baada ya 18 ukatulia.

Na wapo waliopata picha tofauti. Nchini Australia, Michael Walker na Maria Andrade walirudia kazi ya mistari kwa watoto na vijana mwaka 1996, na kwao wadogo ndio waliofuata zaidi, kiwango kikashuka kadiri umri ulivyopanda, bila kilima chochote.

Mimi nayasoma hivi. Katika jambo lenye jibu moja la wazi, kama urefu wa mstari, mtoto mdogo huwafuata wenzake kwa sababu hajajiamini, akikua anajiamini. Katika jambo linalohusu nafasi yake ndani ya kundi, msukumo humkamata zaidi anapoanza kubalehe, na ngao yake huanza kukomaa akiwa na miaka 14 kwenda juu. Ndiyo maana mtoto wa darasa la nne anayebadili jibu la hesabu kwa kuchungulia kwa jirani hanisumbui sana, ila wa kidato cha kwanza anayesema "siwezi kuwaacha wenzangu" namwita tuzungumze.

Kwa nini iwe kipindi hicho na si kingine?

Mambo mengi hukutana kwa wakati mmoja. Mwili unabadilika. Sehemu za ubongo zinazopokea raha na msisimko huchangamka sana wakati wa kubalehe, huku zile za kujizuia na kupima matokeo zikiendelea kukomaa taratibu hadi baada ya miaka 20. Na kwetu kuna jambo la ziada: katikati ya mabadiliko hayo tunamhamisha mtoto. Anamaliza shule ya msingi aliyoizoea Mkolani, anajikuta sekondari yenye wanafunzi wengi asiowajua, wengine bwenini kabisa. Inabidi atafute upya nafasi yake, na njia ya haraka ya kupata nafasi ni kufanana.

Anajua ziwa lina hatari. Nimemwambia mara ngapi! Kwa nini bado anaingia?

Hili swali nalipenda kwa sababu watu wa ziwani wanaliuliza kwa uchungu wa kweli.

Pita jioni kwenye miamba ya kando ya ziwa utawaona. Mashati meupe yamekunjwa na kuwekwa chini ya jiwe yasilowe. Wakubwa wameshaingia, wanapiga mbizi kutoka kwenye mwamba. Pembeni kuna mmoja amebaki na kaptula yake, anavua kiatu kimoja, anasimama, anatazama barabarani. Hakuna anayemsukuma. Mmoja majini anasema tu, "Huyo muache, mtoto wa mama." Wenzake wanacheka kidogo, kisha wanaendelea na mchezo kana kwamba hayupo. Kiatu cha pili kinavuliwa.

Mtoto huyo anajua kila kitu. Darasani amefundishwa kuwa kichocho huambukizwa majini, kwamba vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi. Amemeza dawa zinazotolewa shuleni. Pengine amewahi kusikia kilio cha msiba wa aliyezama. Elimu anayo. Kilichopungua ni uwezo wa kuitumia wenzake wakiwa wanamtazama.

Margo Gardner na Laurence Steinberg walilionyesha hili mwaka 2005. Waliwachezesha watu 306 mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari ambao ukizidisha tamaa unagonga. Walikuwepo wa miaka 13 hadi 16, wa 18 hadi 22, na wa 24 kwenda juu. Wengine walicheza peke yao, wengine mbele ya wenzao wawili. Kuwepo kwa wenzao kuliwaongezea hatari vijana kuliko watu wazima, na wadogo ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2011 Jason Chein na wenzake walipima ubongo wa watu wakicheza mchezo wa aina hiyo. Vijana wa miaka 14 hadi 18 walipojua tu kwamba rafiki zao wanawatazama kutoka chumba kingine, sehemu za ubongo zinazosubiri raha zilichangamka zaidi, nao wakajihatarisha zaidi. Watu wazima hawakubadilika hivyo.

Kwa hiyo kumhubiria hatari kwa mara ya ishirini kunagonga mlango usio wenyewe. Panga naye mazingira. Nani unatoka naye shule? Mnapita njia gani? Mkifika ziwani ukaambiwa ingia, utasema nini? Mtu mzima mmoja akipita ufukweni saa kumi na moja jioni ana msaada kuliko mabango matatu. Wazee wa mtaa na viongozi wa mwalo, pale mitumbwi inapofikia, wanaweza kulipanga hili bila kusubiri mradi.

Wavulana ni wabaya kuliko wasichana?

Katika utafiti ule wa watu zaidi ya 3,600, wasichana kwa wastani walionyesha uwezo mkubwa kidogo wa kukataa msukumo wa wenzao. Lakini wastani haumlei mtoto wako. Ninachokiona shuleni ni kwamba wavulana wanasukumana hadharani, kwa hiyo tunawaona. Wasichana wengi husukumwa kimya kimya: nani ataongea naye leo, nani ataachwa nje ya picha. Usidhani yuko salama kwa kuwa yuko nyumbani mapema.

Sisi Waafrika tunawalea watoto kusikiliza jamii. Je, ndiyo sababu wanafuata mkumbo zaidi?

Lipo jambo la kweli hapo, ila lisitumike kutudharau.

Mwaka 1967 John Berry alilinganisha Watemne wa Sierra Leone, wakulima wa mpunga, na Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, wawindaji. Kwenye kazi ya kulinganisha mistari Watemne walifuata kauli ya kundi kuliko Wainuiti. Maelezo yake yaligusa maisha: anayelima mazao yanayovunwa kwa pamoja na kuhifadhiwa anahitaji makubaliano, anayewinda peke yake kwenye barafu anahitaji kujitegemea. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za aina ya Asch kutoka nchi 17, wakakuta kwamba jamii zinazothamini kundi hufuata zaidi kuliko zile zinazomtanguliza mtu binafsi. Walikuta pia kwamba Marekani kwenyewe kiwango kilikuwa kimeshuka tangu miaka ya 1950. Maana yake ni kwamba jambo hili hubadilika na nyakati, halijaandikwa kwenye damu ya mtu.

Angalia mtumbwi wa dagaa unaotoka usiku wa giza. Kila mmoja akianza kufanya lake, wavu haupandi. Kusikilizana kumetulisha huku kwa vizazi, na sitaki tulee watoto wasiojua kukubaliana. Tatizo linaanza pale mtoto anapofundishwa kutii bila kufundishwa amtii nani na kwa nini. Hilo linatupeleka kwenye swali linalofuata, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Basi nizidishe ukali ili atii mimi badala ya kuwatii wao?

Wazazi wengi huenda huko, na nawaelewa. Lakini fikiria tunamfundisha nini. Nyumbani mtoto akisema "lakini baba", tunamjibu "unanijibu?" Akieleza sababu, ni kiburi. Akinyamaza, ni mtoto mzuri. Miaka 13 anafanya mazoezi ya kitu kimoja tu: sauti kubwa ikisema, nyamaza ufuate. Kisha tunamtuma kidato cha kwanza, anakutana na sauti kubwa ya mwenzake wa kidato cha tatu, na tunashangaa kwamba amenyamaza akafuata.

Joseph Allen wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walifuatilia jambo hili na kulichapisha mwaka 2012. Waliwasikiliza vijana wa miaka 13 wakijadili na mama zao mambo wanayotofautiana: fedha, marafiki, sheria za nyumbani. Miaka iliyofuata, wale waliokuwa wakitetea hoja zao kwa mama kwa utulivu na sababu, bila kulia wala kutishia, ndio waliokuwa wagumu kuvutwa na marafiki kwenye pombe na dawa za kulevya. Ugumu ule walijifunzia sebuleni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mpe mtoto wako nafasi ya kukupinga kwa adabu, na mara mojamoja akushinde. Heshima haipotei. Shikamoo inabaki shikamoo. Unachoongeza ni kwamba baada ya shikamoo anaweza kusema, "Mama, naomba nieleze."

Mfano ni mahafali ya darasa la saba. Binti anataka kwenda na wenzake ufukweni baada ya sherehe.

"Mama, wote wanaenda."

"Wote ni akina nani?"

Anataja watano. Mama anawajua wawili.

"Mtarudi na nani?"

"Na kaka yake rafiki yangu, ana bodaboda."

"Wasichana watano, bodaboda moja?"

Kimya. Kisha binti mwenyewe anasema, "Basi tuondoke saa kumi, na daladala. Na shangazi anakaa Kirumba, anaweza kutupokea."

"Hapo umesema. Mpigie shangazi mbele yangu."

Mama hakushindwa wala hakukubali kila kitu. Binti ametoka na somo moja kubwa: hoja ina nguvu, na mpango usio na mashiko huanguka ukiulizwa maswali mawili. Siku rafiki yake akija na mpango wa hovyo, atakuwa anajua maswali ya kuuliza.

Na kiboko? Mtoto anayezuiwa na kiboko anazuilika mwenye kiboko akiwepo. Kule kwenye miamba hayupo.

Nimkataze rafiki fulani?

Ukijua kwa hakika rafiki anaiba, anavuta bangi au anampeleka kwa watu wazima usiowajua, ndiyo, kataza waziwazi na ueleze sababu. Vinginevyo nenda polepole. Marufuku isiyo na sababu humfanya rafiki yule apendeze zaidi, na urafiki unahamia mafichoni usipoweza kuuona. Mwalike nyumbani, ale ugali na sato na ninyi, umsikie anavyoongea. Utajifunza mengi kuliko kwa kumpeleleza.

Lenye faida zaidi ni kumjengea mtoto rafiki mmoja wa kweli mwenye msimamo. Nilisema nitalirudia la Asch: mtu mmoja tu upande wako na mkumbo unapungua kwa kiasi kikubwa. Mtoto wako hahitaji kupendwa na darasa zima. Anahitaji mwenzake mmoja wa kutazamana naye na kusema "mimi siendi", na huyo aseme "hata mimi". Mkijuana na wazazi wa huyo mmoja, mkakubaliana saa za kurudi na sheria zinazofanana, mmefanya kazi kubwa. Huwa nawaambia wazazi wa Buhongwa na Igoma: kabla hujalipia masomo ya ziada, jua jina la mama wa rafiki wa mwanao.

Nimfundishe aseme nini wakimbana?

Mfundishe maneno mafupi ambayo hayataanzisha mjadala. "Leo natumwa." "Mama ananisubiri sokoni." "Nyie nendeni, mimi siendi." Hotuba ya maadili kutoka kwa mtoto wa miaka 13 huongeza kicheko, kwa hiyo asihutubu. Mruhusu akutupie wewe lawama: "Baba yangu ni mkali balaa, atanimaliza." Hata kama si kweli, kubali ubebe. Na muwekeane maneno ya siri. Akituma ujumbe "shangazi amefika?", wewe unampigia papo hapo na kumwita nyumbani kwa sauti ambayo wenzake wataisikia. Anaondoka na heshima yake.

Fanyeni mazoezi kwa sauti. Jaribuni mkiwa mnapika, au mnaanika dagaa. Maneno yasiyowahi kutoka mdomoni hayatoki siku ya shida.

Je, kundi la rika linaweza kumsaidia?

Sana, na tunalitumia kidogo mno. Utafiti wa Lisa Knoll na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusisha watu 563 wa miaka 8 hadi 59 waliotembelea makumbusho ya sayansi ya London. Waliulizwa jambo fulani ni la hatari kiasi gani, wakaonyeshwa maoni ya wengine, wakaulizwa tena. Umri wote ulivutwa na maoni hayo, wadogo zaidi. Ila wa miaka 12 hadi 14 walikuwa na jambo lao: walivutwa na maoni ya vijana kuliko ya watu wazima.

Basi tumia hilo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyewahi kuugua kichocho akiwaeleza wa darasa la sita jinsi alivyokuwa akipata choo chenye damu, watamsikiliza kuliko mimi na chaki yangu. Kundi la kusoma jioni, kwaya, timu ya mpira ya mtaa, madrasa, skauti: humo mkumbo uleule unambeba mtoto kwenda anakotakiwa. Mwanao akiwa katikati ya wanaofanya kazi za shule, atafanya ili asipitwe.

Simu na makundi ya WhatsApp vimezidisha?

Vimeondoa saa ya kupumzika. Zamani ukifika nyumbani wenzako wamebaki njiani. Sasa wameingia nawe chumbani. Mwaka 2016 Lauren Sherman na wenzake huko Los Angeles waliwaonyesha vijana picha zenye alama nyingi au chache za kupendwa ("like"). Vijana walielekea kuipenda picha iliyokwishapendwa na wengi, hata ikiwa inaonyesha pombe au sigara. Idadi tu ilitosha kuwavuta.

Sheria yangu ni nyepesi: simu ilale sebuleni, ya mzazi pia. Na kwa wavulana wa sekondari, uliza kuhusu mikeka ya kubeti. Makundi mengi ya mpira yameshakuwa ya kubeti, na mtoto anaanza kwa kuchangia mia tano ili asionekane mshamba.

Wangu hafuati mtu kabisa. Anakaa peke yake. Nifurahi?

Kama ana utulivu, ana angalau rafiki mmoja na anafurahia mambo yake, furahi. Kama kila siku anatafuta sababu ya kutokwenda shule, huenda hajitengi mwenyewe, ametengwa. Muulize mwalimu wake anakaa na nani mapumziko.

Ni lini niache kusema "atakua tu" na kutafuta msaada?

Utundu wa rika huja na kuondoka, na sehemu nyingine ya maisha inabaki ilivyo. Ukiona mambo kadhaa yamebadilika kwa pamoja, chukua hatua: alama zimeporomoka ghafla, ana fedha au vitu usivyojua vimetoka wapi, marafiki wapya wamemzidi umri kwa miaka mingi, halali nyumbani, analewa, au amekuwa na woga asioweza kuueleza. Kwa wasichana, mtu mzima anayetoa zawadi, lifti au ofa za chipsi hahesabiki kama rika hata kidogo, wala mkumbo haumhusu. Hilo ni kosa la mtu mzima, na lipelekwe mbele siku hiyohiyo.

Kwa mvulana anayeanza kulala mwaloni kwa sababu wenzake wanapata hela ya kupakua dagaa, usisubiri muhula uishe. Fedha ya kwanza ina utamu wake, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo darasa linavyozidi kuwa mbali naye.

Anza na mwalimu wa malezi au mwalimu wa darasa. Palipo na afisa ustawi wa jamii, muone. Kwa vitendo vya ukatili yapo madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hivyo hata wa kidato cha nne anayeonekana mkubwa kwa umbo bado anastahili msaada huo.